Kuinuka kwa Nchi: Historia ya Ushahidi wa Kijiolojia kutoka Kitomanga hadi Uwanda wa Juu wa Afrika Mashariki

Msafiri anayetoka Lindi kwenda Kilwa hupita Kitomanga akiwa katikati ya shahidi wawili. Upande wa bara kuna Tendaguru, kilima kilichotoa mifupa ya dinosaria. Katika ukanda wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Lindi, kuna udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu, unaonasa magurudumu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huo ulitua chini ya bahari yenye kina kinachozidi mita 300. Leo juu yake watu wanapalilia ufuta na mikorosho. Swali linaloshughulikiwa hapa si tu namna nchi hii ilivyoinuka, bali namna wanajiolojia, kwa zaidi ya miaka mia moja, walivyojiridhisha kwamba imeinuka, kwa kiasi gani na lini. Ninadai kwamba ushahidi wa pwani ulitumiwa kupimia umri wa bara kabla pwani yenyewe haijapimwa ipasavyo, na kwamba nambari nyingi zilizorithiwa katika maandishi kuhusu uwanda wa juu zinabeba mkopo huo bila kuutaja.

Kwanza istilahi, kwa kuwa bila hizo mjadala hauendi. Mwaka 1990 Philip England na Peter Molnar walionyesha kwamba neno moja lilikuwa likitumika kwa mambo matatu. Kuna kuinuka kwa uso wa nchi, yaani uso kuwa juu zaidi kuliko usawa wa bahari kuliko ulivyokuwa. Kuna kupanda kwa mwamba, yaani mwamba wenyewe kusogea juu. Na kuna kufukulika, yaani mwamba kukaribia uso kwa sababu kilichoufunika kimemomonyolewa. Uso huinuka kwa kiasi kile tu ambacho kupanda kwa mwamba kunazidi kufukulika. Mlima unaweza kupanda kilometa tatu na kumomonyoka kilometa tatu, na kimo chake kisibadilike hata kidogo. Katika maandishi ya Kiswahili hali ni nzito zaidi, maana “kuinuka” na “mwinuko” hubebeshwa maana zote tatu pamoja na ile ya kimo cha kawaida. Kwa hiyo tasnifu hii inashikilia maneno matatu yaliyotajwa na haiyabadilishani.

Mwanzoni kabisa ushahidi ulikuwa wa macho. Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa madini aliyezunguka kusini mwa koloni la Wajerumani, alichapisha mwaka 1900 kitabu kikubwa kuhusu sura ya nchi na jiolojia yake. Humo ndimo neno la Kijerumani la vilima vya mawe vinavyosimama peke yake tambarareni, “Inselberg”, lilipoingia katika sayansi. Aliona pia tabaka za nyanda za Makonde na kuzipa jina. Kilichomsumbua ni swali la busara: vilima vile ni mabaki ya nini? Ikiwa tambarare imekatwa na mmomonyoko, basi kilichoondolewa kilikuwa kikubwa kuliko kilichobaki.

Halafu mifupa ikatokea. Bernhard Sattler alikutana nayo mwaka 1906, nchi ikiwa bado na majeraha ya Vita vya Majimaji, na Eberhard Fraas akaikagua mwaka 1907. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Berlin chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, ulichimba kwa mikono ya mamia ya vibarua, huku Boheti bin Amrani akiwa msimamizi na fundi mkuu wa mifupa. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Historia za Tendaguru huishia kwenye ukubwa wa mnyama aliyesimamishwa Berlin. Kwa mada yetu chenye thamani zaidi ni mpangilio wa tabaka: tabaka zenye dinosaria zinapishana na tabaka zenye kombe za baharini. Katika Jurasiki ya mwisho, basi, mahali hapa palikuwa ukingoni mwa bahari, na mita chache za maji zilitosha kuibadili nchi kavu kuwa ghuba. Kwa mtu anayetafuta kimo cha zamani hakuna alama bora kuliko ufuko, kwa sababu kimo cha ufuko kinajulikana: ni sifuri.

Hoja kubwa ya karne ya ishirini ilijengwa na Lester King wa Durban. Alizisoma nyanda za Afrika kama ngazi. Kila uwanda ulikuwa uso uliosawazishwa na mmomonyoko, ukainuliwa, kisha ukaanza kuliwa kutoka pembeni na uwanda mpya wa chini. Aliipa ngazi hiyo majina, ukiwamo uso wa “Afrika” aliouweka kati ya mwisho wa Kretasia na katikati ya Tersiari. Umri wa ngazi aliutafuta pwani, akisema kwamba kila bara lilipoinuka, mashapo yalimiminika baharini, hivyo tabaka za pwani ni daftari la matukio ya bara.

Wazo hilo lina uzuri wake, na nusu yake ni kweli. Ila njia yake ilizunguka. Nyanda mbili zilizo mbalimbali zilihesabiwa kuwa uso mmoja kwa sababu ya kulingana kwa kimo au sura; kisha tofauti za kimo kati ya nyanda zilisomwa kama kiasi cha kuinuka; kisha kiasi hicho kikatumika kutambua nyanda nyingine. Mchanga ulioongezeka pwani ungeweza pia kuletwa na mabadiliko ya mvua, au na mto mmoja kuuteka mwingine, bila nchi kuinuka hata mita moja. E. J. Wayland, aliyeongoza Idara ya Jiolojia ya Uganda tangu 1919, alikuwa ameonyesha kwamba Kagera, Katonga na Kafu ni mito iliyogeuzwa mwelekeo. Mfano huo ungetosha kumtahadharisha yeyote.

Miaka ya 1990 ilileta saa nyingine. Chembe za madini ya apataiti zina urani kidogo. Atomu zake zinapopasuka huacha nyayo ndani ya chembe. Juu ya nyuzijoto 120 hivi nyayo hufutika, na chini ya 60 hudumu. Kwa hiyo idadi na urefu wa nyayo hueleza mwamba ulipoa lini ulipokuwa ukikaribia uso. David Foster na Andrew Gleadow walipima miamba ya Kenya na kukuta vipindi vya kupoa vya Kretasia ya mapema, na vingine vya mwisho wa Kretasia hadi mwanzo wa Paleojeni. Sehemu kubwa ya kufukulika, kwa maneno mengine, ilitangulia Bonde la Ufa kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Lakini saa hii hupima kufukulika tu. Wanaoinukuu kama kipimo cha kimo wanarudia kosa lile lile ambalo England na Molnar walilikemea.

Katika ukanda wa Kitomanga saa hiyo inanyamaza kabisa. Mwanzoni mwa karne hii mradi wa uchorongaji ulioongozwa na Paul Pearson na wenzake, pamoja na Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ulitoa nguzo za udongo wa pwani hii. Mwaka 2006 Chris Nicholas na wenzake waliliita kundi hilo Kilwa, lenye fomesheni za Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Magamba ya foraminifera yaliyomo yamebaki angavu kama kioo, jambo linaloonyesha kwamba udongo haukuwahi kuzikwa kwa kina kikubwa. Kwa ongezeko la kawaida la nyuzijoto 25 kwa kilometa, kufuta nyayo kunahitaji kina cha kilometa tatu au nne. Udongo huu haukufika huko.

Foraminifera hao ndio wanaosema. Wale waishio sakafuni mwa bahari hutofautiana kwa kina, na uwiano wao na wale waeleao juu huonyesha umbali kutoka ufukoni. Kutoka hapo hesabu ni fupi, nami naiweka wazi kwa kuwa wengi huiruka. Bahari ya Eosini ilikuwa juu kuliko ya leo. Barafu yote ya dunia ya sasa ikiyeyuka, maji yatapanda mita 65 hadi 70. Mabadiliko ya ujazo wa mabonde ya bahari yaliongeza kiasi kingine kinachobishaniwa. Hata hivyo, udongo uliotua chini ya mita 300 na sasa uko juu ya maji unaacha salio ambalo kushuka kwa bahari hakuwezi kulilipa. Salio hilo ni kupanda kwa mwamba. Ni kiwango cha chini, kwa sababu hakihesabu kushuka kwa bonde kulikotangulia.

Bara nalo lilipata alama yake ya sifuri kwa bahati. Mwaka 1964 James Mead alichimbua huko Loperot, magharibi ya Turkana, kichwa cha nyangumi. Kilipelekwa Marekani, kikapotea kwa miongo kadhaa, kikaonekana tena 2011. Mwaka 2015 Henry Wichura na wenzake walieleza kwamba mnyama huyo, wa miaka milioni 17 iliyopita, aliingia mtoni kutoka Bahari ya Hindi. Alikutwa takribani kilometa 740 kutoka pwani ya leo, mahali penye kimo cha mita 620 hivi. Nyangumi hapandi maporomoko. Mto ule ulikuwa wa mteremko mdogo mno. Lava ya Yatta, iliyotiririka zaidi ya kilometa 300 miaka milioni 13.5 iliyopita, ilihitaji mteremko mkubwa zaidi, na kutokana nao Wichura alikuwa tayari amekadiria uwanda wenye kimo cha angalau mita 1,400. Uso wa nchi wa sehemu ile, basi, uliinuka kati ya tarehe hizo mbili. Hapa, tofauti na apataiti, kinachopimwa kweli ni kimo.

Haifuati kwamba nchi ya nyuma ya Lindi iliinuka pamoja na Kenya. Uwanda wa Rondo, unaozidi mita 800 kileleni, hauna nyangumi wala lava, na kuuunganisha na ngazi ya King kwa kulingana kwa sura kungeturudisha kwenye mzunguko ule ule. Kilichopo ni mchanga uliochanganyika na udongo wa pwani. Kwa kuwa haukuwahi kupata joto la kufuta nyayo, chembe zake za apataiti bado zinahifadhi kumbukumbu ya kupoa kwa miamba ya bara zilikotoka, na foraminifera walio kando yake wanatoa tarehe ya kufika kwao baharini. Tofauti kati ya tarehe hizo mbili, tabaka baada ya tabaka, ndiyo inayoshughulikiwa katika sura ifuatayo.