Mwaka tulipopiga marufuku kompyuta

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili, samahanini. Nilikuwa Mbinga, na siku tatu kati ya hizo nilikuwa Ngaka, kule kwenye makaa ya mawe, nyumbani kwa rafiki yangu ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Nilikwenda kupumzika, nikarudi na ubishi ambao mpaka sasa haujanitoka kichwani.

Ulianzia barabarani, tukiwa tumejibanza pembeni kupisha malori. Rafiki yangu akasema, "Unayaona haya? Ni matunda ya marufuku." Alikuwa na maana ya mwaka 2016, serikali ilipozuia makaa ya mawe kutoka nje. Viwanda vya saruji vikalazimika kugeukia makaa ya hapa Ngaka, ambayo Tancoal, kampuni ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lina asilimia 30 ya hisa zake, ilianza kuyachimba mwaka 2011. Marufuku ile yeye anaipenda. Nikamuuliza, na ile ya 1974 je?

Hakuijua! Jamani, mtu anakula kwa kompyuta, anavaa kwa kompyuta, na hajui kwamba nchi yake iliwahi kuzizuia zisiingie. Basi nikamsimulia, nanyi nawasimulia.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, jina la kampuni ya Waingereza iliyoiuza. Usifikirie kitu cha kuweka mezani. Mashine za zama hizo zilidai chumba chao, ubaridi wao na watu wa kuzihudumia. Baadaye serikali ikanunua kubwa zaidi, ya ukoo wa ICL 1900, ikidhamiria hesabu zake zote zipite humo. Mpango huo ukaanguka. Wataalamu walikuwa wageni, Watanzania wenye ujuzi huo walihesabika kwa vidole, hesabu zikavurugika na fedha za kigeni zikateketea. Kilichofuata ni kurudi kwenye mitambo ya zamani ya uhasibu.

Halafu ikaja 1974. Nchi nzima ilikuwa na kompyuta zipatazo saba tu. Serikali ikatoa amri: kompyuta na vifaa vyake marufuku kuingia nchini, na anayeitaka aombe kibali maalumu. Televisheni nazo zikaingizwa kwenye kapu hilo hilo, na ndiyo maana Bara tulisubiri hadi 1994 kuwa na kituo, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa wanatazama picha za rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

"Ujinga mtupu," akasema rafiki yangu.

Hapo nikamkatalia. Kumbukeni mwaka wenyewe. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa tangu mwishoni mwa 1973, mvua zimegoma, nchi inanunua mahindi nje. Ukiwa na dola chache mkononi, utanunua unga au mashine ambayo tayari imeshakuaibisha mara moja? Mimi ningenunua unga.

Lakini nakiri marufuku ilikuwa na bahati mbaya ya ajabu. Januari 1975, miezi michache tu baadaye, jarida moja la Marekani lilitoka na picha ya Altair 8800 kwenye jalada, kompyuta ndogo ambayo mtu wa kawaida aliweza kuagiza na kuiunga mwenyewe. Aprili mwaka huo Microsoft ikaanzishwa. Amri yetu ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya madude ya kujaza chumba, ikaja kuwanyima watu kitu cha kukaa mezani. Masharti yalilegezwa pole pole katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Vijana waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1975 hawakurudishiwa ujana wao.

Rafiki yangu akanyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Shuleni alifundishwa kompyuta kwa chaki: mwalimu alichora kibodi ubaoni, nao wakagusa herufi za chaki kwa zamu. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo ni jenereta za dizeli, huku chini ya miguu yetu kuna makaa ya mawe. Leo anaandika programu kwa ajili ya kampuni ya nje. Mwaka jana waliifunga akaunti yake ghafla, kazi ya miezi minne ikabaki ndani, na barua pepe alizoandika hazikujibiwa na mtu yeyote. "Kwa hiyo," akasema, "wale wa 1974 waliogopa kitu cha kweli. Ila walifunga mlango badala ya kusomesha watu."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Jioni tulimkuta mama yake shambani kwenye mteremko, anatengeneza ngoro. Shikamoo mama, marahaba wanangu. Kwa wasioijua: Wamatengo hulaza majani makavu kwa mistari ya miraba, kisha hufukia mistari hiyo kwa udongo unaochimbwa katikati, kinabaki kishimo. Mvua ikija maji yanatulia kwenye vishimo badala ya kukimbia na udongo bondeni, na majani yanaoza kuwa mbolea. Ni ufundi wa zaidi ya miaka mia, na haukuombewa kibali popote.

Rafiki yangu akavua viatu, akaingia kwenye mraba kumsaidia. Mama akamwangalia anavyochimba.

"Umeruka hatua," akamwambia. "Majani kwanza."