Bethania: Nyumba ya Sala ya Wachimba Makaa

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwasimulia habari za nyumba moja ya sala katika nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania. Jina lake ni Bethania, na kijiji chake ni Aberfan.

Hapo kale bonde la mto Taff lilikuwa nchi ya wafuga kondoo. Mwaka 1869 watu walianza kuchimba shimo la makaa ya mawe mahali paitwapo Merthyr Vale, na kijiji cha Aberfan kikakua karibu na mgodi huo. Wengi waliokuja kutafuta kazi walisema Kiwelisi, lugha ya nchi yao.

Lugha hiyo haikuwa na heshima kila mahali. Mwaka 1847 wakaguzi waliotumwa na Serikali ya London waliandika kwamba Kiwelisi chawazuia watu kuendelea, na katika shule nyingi watoto walifundishwa Kiingereza. Lakini Biblia nzima ilikuwa imefasiriwa kwa Kiwelisi tangu mwaka 1588, na kanisani lugha hiyo ilikuwa bibi wa nyumba. Katika shule ya Jumapili wakubwa kwa wadogo walijifunza kusoma. Mtu aliyeshinda juma zima gizani chini ya ardhi aliketi hapo na wenzake, akajadili maandiko na kuimba.

Bethania ilijengwa mwaka 1876, ikajengwa upya mwaka 1885. Ilikuwa ya Wakristo waitwao Wahuru, ambao hawana askofu. Kila ushirika wajitawala wenyewe, nao humchagua mchungaji wake.

Basi, mgodi nao ulikuwa ukimwaga kifusi chake mlimani, juu ya kijiji. Lundo la saba lilianzwa mwaka 1958, mahali penye chemchemi za maji. Watu walitoa maonyo, lakini hayakufuatwa. Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, yapata saa tatu na robo ya asubuhi, lundo hilo liliporomoka, likaifunika shule ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na katika hao 116 walikuwa watoto.

Maiti walipelekwa Bethania. Walilazwa juu ya viti vya kanisa, wakafunikwa mablanketi. Nje wazazi walisimama kwa safu wakingoja zamu ya kuingia kuwatambua watoto wao. Kazi hiyo iliendelea hata tarehe 4 Novemba.

Mwaka 1967 baraza la uchunguzi lilitoa hukumu kwamba lawama ni ya Halmashauri ya Makaa ya Taifa, iliyokuwa na mgodi ule. Mwaka uo huo Bethania ilibomolewa. Nani angeweza kuketi na kuimba juu ya kiti alichomwona mwanawe amelazwa? Nyumba mpya ilijengwa mahali pale pale mwaka 1970.

Lakini wenye kusema Kiwelisi walikuwa wakipungua katika mabonde ya makaa, na wenye kuhudhuria sala vilevile. Mgodi ulifungwa mwaka 1989. Kufika mwaka 2007 paa la Bethania lilikuwa bovu na washirika wamebaki wachache, nayo ikafungwa.

Hivyo twaona kwamba mawe yaliweza kujengwa tena, na mara mbili yalijengwa. Lililoshindikana ni kuwapata watu wa kuijaza nyumba, na lugha ya kusalia ndani yake.