Wikendi: Juma huisha lini hasa?

NENO la Kiingereza 'weekend' tumelikopa na kulitamka 'wikendi'. Hata hivyo, waandishi na watangazaji wengi huona 'mwishoni mwa juma' ndicho Kiswahili safi. Nitaeleza kwa nini tafsiri hiyo ina walakini.

Tuanze na majina ya siku. Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, na hesabu huendelea hadi Jumatano, ya tano. Kisha tunakutana na Alhamisi, jina lililotokana na Kiarabu, nalo pia lina maana ya tano kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa swala, ndiyo hufunga hesabu ya Waswahili. Kwa hivyo anayesema Jumamosi ni mwisho wa juma, anaiita siku ya mosi ya mwisho!

'Weekend' ina historia tofauti. Ilipata nguvu viwandani. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 nchini Uingereza iliagiza wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Mnamo 1926, Henry Ford alianzisha wiki ya siku tano za kazi katika viwanda vyake Marekani. Basi neno hilo lahusu mapumziko kuliko hesabu ya siku. Ndiyo maana Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, ilihamisha mapumziko kutoka Alhamisi na Ijumaa hadi Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013, bila siku yoyote kubadili jina.

Je, huku ni kupasua unywele? La hasha. Hapa Mtopanga, tangazo moja lilitaka fomu za basari zirejeshwe 'mwishoni mwa juma'. Aliyeliandika alikusudia Ijumaa jioni. Baadhi ya wazazi walifika Jumamosi asubuhi, fomu mkononi, wakakuta mlango una kufuli. Mama mmoja aliniuliza, "Profesa, kwani juma laisha lini?" Hakuwa na kosa. Redio humwambia kila uchao kwamba mechi za 'mwishoni mwa juma' huchezwa Jumamosi na Jumapili.

Ushauri wangu ni huu. Ukikusudia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, sema 'wikendi' bila haya. 'Wiki' yenyewe tuliikopa kwa Waingereza, na 'juma' kwa Waarabu, na hakuna anayelalamika. Nayo 'mwisho wa juma' isitumiwe kuweka makataa. Itaje siku, tarehe na saa: Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Karo ya mtoto isitegemee fumbo la mwandishi wa tangazo.