Mswaki kwa Mtoto Asiyesikia

Walimu wenzetu wanalijua vema somo la meno. Asubuhi watoto husimama uani kwa mistari, kila mmoja na mswaki wake, wa dukani au wa mti, naye mwalimu huhesabu kwa sauti kuu: moja, mbili, tatu, juu; moja, mbili, tatu, chini. Ni somo jepesi, na watoto hulipenda. Sisi nasi tulilifundisha hivyo miaka kadha wa kadha, wala hatukujiuliza lilianzia wapi, hata tulipompata katika darasa letu la pili mtoto mmoja asiyesikia.

Mtoto huyo alikuwa akimtazama mwenzake wa kulia na kumwiga, basi sikuzote alikuwa nyuma kwa hesabu moja. Tulimdhani mzito wa akili. Siku moja, katikati ya kipindi, akaanza kugonga kichwa juu ya dawati, tukamtoa nje. Siku ya pili akafanya vile vile, tukampa adhabu. Siku ya tatu hakuja, aliyekuja ni mama yake, akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, mwalimu. Mtoto ana jino." Gego lake la chini lilikuwa limeoza hata mzizini, na shavu limevimba. Alikuwa na maumivu yale siku nyingi. Yeye hakuwa na neno la kutuambia, nasi hatukumtazama vya kutosha tupate kujua. Tangu siku ile tulianza kuuliza na kusoma: nani walikuwa wa kwanza kuwafundisha viziwi, nani waliuingiza mswaki shuleni, na mambo hayo mawili yalikutana wapi.

Habari ya kwanza yatupeleka mji wa Paris, katika Ufaransa. Huko, karibu na mwaka 1760, padre mmoja jina lake Charles-Michel de l'Épée aliingia nyumba ya mama mmoja maskini, akawakuta binti zake wawili viziwi. Watu wa zama zile wengi waliamini kwamba asiyesikia hafundishiki, maana elimu huingia kwa sikio. Yule padre aliwaza kwamba elimu yaweza kuingia kwa jicho pia. Aliona kwamba viziwi wa mji ule walikuwa na ishara zao tayari, wakizungumza wao kwa wao. Basi akajifunza ishara zile kwanza, akaongeza nyingine za kufundishia sarufi ya Kifaransa, akafungua shule bila ada. Jambo hili latufaa sana sisi walimu kulifikiri, kwamba kabla ya kuwafundisha alikubali kufundishwa nao. Alikufa mwaka 1789, na mwaka 1791 serikali ya Ufaransa iliichukua shule yake kuwa mali ya taifa.

Upande wa Marekani mambo yalianza kwa kofia. Mwaka 1814, katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kijana aitwaye Thomas Hopkins Gallaudet aliwaona watoto wakicheza, na mmoja amejitenga. Alikuwa Alice Cogswell, binti wa daktari jirani yao, aliyepoteza kusikia kwa ugonjwa tangu utoto. Gallaudet akamwonyesha kofia yake, kisha akaandika neno lake chini mavumbini, akarudia hata mtoto akafahamu kwamba alama zile ni ile kofia. Baba yake Alice pamoja na wenzake walikusanya fedha wakampeleka Gallaudet Ulaya mwaka 1815 akajifunze kazi hiyo. Katika Uingereza wenye shule waliificha njia yao kama mganga afichavyo dawa, Wafaransa walimpokea. Alirudi mwaka 1816 pamoja na mwalimu Laurent Clerc, aliyekuwa kiziwi mwenyewe, nao walisafiri baharini siku 52, huyu akimfundisha mwenziwe Kiingereza, na yule akimfundisha mwenziwe ishara. Tarehe 15 Aprili 1817 shule ilifunguliwa mjini Hartford, na Alice alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza.

Sasa tuuache mji wa Hartford kidogo, tuende Bridgeport, mji wa jimbo lilo hilo, mwendo usiofika kilomita 100. Hapo ndipo yalipoanza mambo ya mswaki. Mwaka 1890 mtaalamu W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi mjini Berlin, alikuwa ametoa kitabu kueleza kwamba vijidudu vya kinywani hula mabaki ya wanga na sukari, vikatoa asidi, na asidi hiyo huyayusha jino. Kwa hiyo maradhi ya meno yaweza kuzuiwa kwa kuondoa ukoga kabla haujafanya kazi yake. Daktari wa meno Alfred Fones wa Bridgeport alilishika neno hilo. Mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa, na mwaka 1913 akafungua darasa katika jengo la kuwekea magari karibu na nyumba yake ya kazi. Mwaka 1914 wanawake 27 walihitimu, wengi wao wakaingia shule za mji. Walisafisha meno ya watoto, wakafundisha habari za chakula, na kuongoza zoezi la mswaki la darasa zima, kama askari wanavyoongozwa katika gwaride. Zoezi letu la uani ni mjukuu wa zoezi lile.

Lakini gwaride huenda kwa sauti. Zoezi la mswaki lilitengenezwa kwa watoto wenye masikio, nalo lilienea ulimwenguni wakati ambapo shule za viziwi zenyewe zilikuwa zimeingia katika mashaka makubwa. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, katika Italia, wakaamua kwamba usemi wa kinywa ni bora kuliko ishara, na kwamba viziwi wafundishwe kwa usemi peke yake. Waliokata shauri hilo karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Baada ya hapo walimu viziwi waliondolewa kazini katika nchi nyingi, na watoto walikatazwa kutumia mikono. Wengine waliikalia mikono yao wasije wakapigwa.

Angalieni jinsi jambo hili linavyohusu kinywa. Katika shule hizo kinywa cha mtoto kilikuwa ndio ubao wa darasa. Mwalimu alimshika kidevu, akamwonyesha kwa kioo mahali pa ulimi, akamwekea mkono wake kooni ahisi mtetemo. Herufi f hutaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini, herufi s hutaka pumzi ipite kati ya meno. Mtoto kiziwi alitazamwa kinywani kutwa nzima kuliko mtoto yeyote mwingine, ila kwa ajili ya sauti. Na kama gego lilimwuma, lugha ambayo angeweza kusemea uchungu wake mara moja, yaani mikono yake, ilikuwa imekatazwa. Tukikumbuka dawati lililogongwa na kichwa katika darasa letu, hatuwezi kuwacheka watu wa Milan. Wao walikuwa na nadharia. Sisi hatukuwa nayo hata hiyo.

Afrika Mashariki shule za viziwi zilianza nyuma sana. Katika Kenya shule za Mumias na Nyang'oma zilifunguliwa mwaka 1961. Katika Tanganyika ile ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Shule nyingi za kwanza zilifuata njia ya kusemesha. Njia ya ishara ilipata nguvu kwa kazi ya watu kama Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu umri wa miaka 11, aliyekuja Ghana mwaka 1957 akaanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi za Afrika, hata akafa kwa ajali ya ndege katika Rwanda mwaka 1987. Mwaka 2010 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, ulitangaza kujutia maamuzi ya Milan; na mwaka ule ule katiba mpya ya Kenya ikaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Basi mswaki na ishara vikutane namna gani? Shida yake hatukuiona katika kitabu, tuliiona uani. Mtoto asikiaye hupiga mswaki huku akitusikiliza: macho yake yako kwenye kioo, mikono yake iko kazini, na sikio lake liko kwetu. Mtoto kiziwi ana jicho moja tu la kufanyia kazi zote hizo, tukisema kwa mfano. Akitazama kioo hatuoni. Akitutazama haoni jino lake. Na mkono ulioshika mswaki hauwezi kuuliza swali. Kwa hiyo kumwagiza jambo katikati ya kazi ni kazi bure. Sharti tumwonyeshe kwanza, tukinyamaza. Kisha aweke mswaki chini tuzungumze. Kisha afanye mwenyewe. Mfano mkubwa wa taya, hata ukifinyangwa kwa udongo, wafaa kuliko maneno mengi. Dawa nyekundu inayopaka rangi ukoga yafaa kupita yote, maana mtoto huona kwa macho yake mahali alipoacha uchafu. Saa ya mchanga huonyesha dakika mbili bila kuhesabiwa. Mtoto anayesikia kidogo, mwenye kifaa sikioni, aachiwe akivue akitaka wakati wa kutibiwa jino, kwa sababu kelele ya mashine ya kutobolea humwudhi sana. Na kabla ya mashine hiyo kuingia kinywani aguswe nayo ukuchani, apate kujua mtetemo wake asishtuke.

Neno moja zaidi juu ya waganga. Kusoma midomo kuna shida zake hata mahali penye mwanga, lakini hakuwezekani kabisa mbele ya mdomo uliofunikwa. Wakati wa maradhi ya korona, tangu mwaka 2020, watu wote waliujua mfuniko huo, barakoa, na viziwi wengi waliachwa gizani mchana kweupe. Mgonjwa wa meno alikuwa katika giza hilo tangu zamani. Daktari aliye na hekima husema maneno yake, au huonyesha, kabla ya kuvaa barakoa, wala hasemi kitu akiwa nyuma ya kichwa cha mgonjwa.

Mtoto wetu aling'olewa gego. Aliporudi tulimketisha mbele, na mistari ya uani tukaigeuza duara, ili kila mtoto amwone kila mtoto, na hesabu tukaipiga kwa vidole. Wenzake walianza kuhesabu kwa vidole nao, hata mahali pasipo na haja, hata katika hesabu za kujumlisha. Kisha yeye mwenyewe akatuletea ishara yake: kidole cha shahada kikigonga shavu mara mbili, na uso umekunjwa. Hakuna aliyemfundisha. Muhula uliofuata msichana mmoja anayesikia vizuri, mpole asiyependa kusema mbele ya watu, alitutazama kutoka dawati la nyuma akagonga shavu lake mara mbili.