Mkono wa Kushoto Si Ugonjwa

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayeshika kijiko na penseli kwa mkono wa kushoto. Huenda ni wako. Huenda umeambiwa umfunge mkono huo kwa kitambaa, au umchape kila anapoutumia. Kabla hujafanya hivyo, tuangalie desturi hii ilitoka wapi.

Anza na lugha. Kwa Kiswahili, mkono wa kulia ni mkono wa kula. Huitwa pia mkono wa kuume, na wa kushoto wazee waliuita mkono wa kike. Kwa Dholuo, upande wa kulia ni korachwich na wa kushoto ni koracham. Hapa kwetu ufuoni mwa ziwa, kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto huonekana ni kumkosea heshima. Usafi nao ulichangia. Watu walikula ugali na samaki kutoka sahani moja, sabuni ilikuwa haba, na mkono mmoja ulitengwa kwa kujisafisha chooni. Kanuni hiyo ilikuwa na maana. Ubaya ni kwamba lawama ilitoka kwenye uchafu ikamwangukia mtoto.

Wala si Wakenya wote waliodharau kushoto. Kule Meru alikuwako kiongozi wa dini aliyeitwa Mugwe. Padri Bernardo Bernardi, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1959, alieleza kwamba Mugwe alibariki watu kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ulifunikwa, na watu waliogopa hata kuutazama. Kwa hiyo mkono uleule, kwa wengine ni aibu, kwa wengine ni baraka.

Kisha zikaja shule. Maseno, karibu na Kisumu, ilianzishwa na wamisheni mwaka 1906. Mafunzo ya kuandika katika shule hizo yalikuja kutoka Uingereza, ambako siku hizo watoto wa mashoto walilazimishwa kushika kalamu kwa kulia. Hata Mfalme George wa Sita, aliyetawala kuanzia 1936 hadi 1952 Kenya ikiwa koloni, alizaliwa mashoto akalazimishwa kubadili. Alikuwa na kigugumizi kilichomsumbua sana. Sayansi haijathibitisha kwamba kubadilishwa mkono ndiko kulikoleta kigugumizi hicho, lakini pia hakuna faida inayojulikana aliyoipata.

Sasa mtazame Barack Obama. Baba yake alikuwa mtu wa Kogelo, Siaya, na alisoma Maseno. Mwezi wa Januari 2009 mwana huyo aliapishwa kuwa Rais wa Marekani, na dunia ikamwona akitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyesema sahihi ile haina heshima.

Sayansi inasemaje? Kiasi cha mtu 1 kati ya 10 duniani hutumia kushoto. Ubongo wa upande wa kulia huongoza mkono wa kushoto, na wa kushoto huongoza wa kulia. Picha za mimba zimeonyesha watoto wakinyonya kidole gumba cha upande mmoja zaidi wakiwa bado tumboni. Basi si ukaidi, si laana, na si kosa la mama.

Lakini kuna dalili moja usiipuuze. Mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili. Kama kabla ya kutimiza mwaka 1 anatumia mkono mmoja tu, huku mwingine umekunjwa ngumi, umekakamaa au umelegea, mpeleke kliniki. Huenda mkono ule mwingine ni dhaifu, na mazoezi yakianza mapema humsaidia. Hii ni kweli hata kama mkono anaoutumia ni wa kulia.

Mtoto mkubwa mwenye afya, anayependa kushoto, mwache. Shuleni, mwombe mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa dawati ili viwiko visigongane. Daftari liwekwe kushoto kidogo, likiinamishwa kona yake ya juu ya kushoto iwe juu zaidi. Ashike penseli mbali kidogo na ncha, aone anachoandika.

Akichapwa kwa sababu ya mkono wake, zungumza na mwalimu mkuu kwa utulivu. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu asipewe adhabu ya viboko.

Na adabu je? Kama nyumbani kwako au katika dini yenu watu husalimiana na kula kwa mkono wa kulia, mfundishe polepole, bila kofi na bila kumfunga. Kuandika, kuchora na kukata mboga, afanye kwa mkono wake. Na mikono yote miwili ioshwe kwa sabuni na maji, baada ya choo na kabla ya kula. Siku hizi sabuni ndiyo inayokinga nyumba dhidi ya kuhara.

Jioni ya leo, akikupokea bakuli kwa kushoto, usimpokonye.