Waya Mmoja na Jozi Moja: Historia ya Istilahi Mbili za Mawasiliano ya Baharini

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi mbili zinazowatatiza wafasiri wa maandishi ya ufundi, nazo ni waya mmoja na jozi moja. Kwa msomaji wa kawaida, tofauti yake ni ndogo. Kwa fundi anayeunda kibao cha mawasiliano cha chombo kitakachozamishwa baharini, tofauti hiyo ndiyo kufaulu au kushindwa kwa kazi yake. Asili ya tatizo imo katika historia.

Kebo za simu za maandishi zilizolazwa baharini katika karne ya 19 aghalabu zilikuwa na kipitishio kimoja tu cha shaba. Mwaka 1838 Steinheil, huko Munich, alionyesha kwamba ardhi yenyewe yaweza kurudisha mkondo wa umeme, na hivyo waya wa pili haukuwa wa lazima. Baharini, maji ya chumvi yalifanya kazi hiyo hiyo. Kebo iliyovuka Atlantiki mwaka 1858, ikanyamaza baada ya majuma machache, na ile ya mwaka 1866 iliyofaulu, zote zilikuwa na kiini kimoja kilichohamiwa kwa utomvu wa miti ya nchi za Malaya. Mwaka 1879 kebo iliyounganisha Aden na Durban ilipitia Unguja, na pwani yetu ikaingia katika mawasiliano hayo. Basi katika zama hizo, aliyesema “waya mmoja” alisema kweli.

Simu ya mdomo ndiyo iliyobadili mambo. Bell alipata hataza yake mwaka 1876, na punde ikaonekana kwamba waya mmoja unaotegemea ardhi hupokea makelele ya kila mkondo wa jirani. Dawa yake, ambayo Bell aliisajili mwaka 1881, ilikuwa kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kelele ya nje huzipata zote mbili karibu kwa kiasi kile kile. Kwa kuwa kipokezi husoma tofauti kati ya nyaya hizo, kelele hujifuta yenyewe. Hapa ndipo jozi ilipopata maana yake ya kifundi: nyaya mbili zinazofanya kazi moja, ambazo hazifai kutenganishwa.

Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox huko California, Robert Metcalfe alibuni mtandao wa kompyuta alioupa jina la Ethernet, akikumbuka etha ambayo wanafizikia wa zamani walidhani ndiyo inayobeba mwanga. Sisi tunaandika Ethaneti. Mtandao huo ulianzia katika kebo nene. Mwaka 1990 ulisanifiwa kwa jozi mbili za nyaya na umbali wa mita 100, na mwaka 1999, kwa kasi kubwa zaidi, kwa jozi nne. Kisha mwendo ukageuka. Mwaka 2015 ulitolewa usanifu wa jozi moja uliokusudiwa magari. Mwaka 2019 ukafuata usanifu unaopitisha megabiti 10 kwa sekunde, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, katika jozi moja yenye urefu wa hadi mita 1,000. Tena jozi hiyo yaweza kubeba na umeme wa kuendeshea chombo.

Manufaa yake chini ya maji ni dhahiri. Mawimbi ya redio hufifia upesi katika maji ya chumvi. Sauti hufika mbali, lakini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, na haiwezi kubeba habari nyingi. Kwa hiyo roboti ndogo ya baharini huongozwa kwa kebo, na kila waya unaoongezwa huinenepesha kebo hiyo, maji yakaikokota zaidi. Ndiyo maana mafundi hutengeneza kibao cha nyongeza. Chipu iliyomo hugeuza lugha ya kompyuta kuwa ishara za jozi moja, kapasita huupitisha mkondo wa ishara na kuuzuia ule wa kuendeshea chombo, na koili huuelekeza mkondo huo wa pili mahali pake.

Sasa tumfikirie mfasiri anayeandika “Ethaneti ya waya mmoja”. Fundi atakayemwamini ataunganisha waya mmoja na kuyaachia maji kazi ya kurudisha mkondo, kama katika zama za simu ya maandishi. Roboti itakuwa bubu. Kosa halikuwa la mkono wake. Lilikuwa la istilahi.

Huenda mtu akapinga kwamba lugha haijali usahihi wa namna hii. Atatutajia neno simu, ambalo katika Kiajemi ni waya, nasi leo twaliita hivyo hata chombo kisicho na waya wowote. Twakubali. Neno la matumizi ya kila siku halimdhuru mtu likihama maana. Lakini istilahi inayotaja idadi ni agizo, na msomaji hulitekeleza kwa mkono.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Waya ubaki kuwa kipitishio kimoja. Jozi iwe nyaya mbili zilizosokotwa. Kebo iwe mkusanyiko wote pamoja na gamba lake. Na chombo kizima kiitwe Ethaneti ya jozi moja. Neno kibao twalipendelea kuliko bodi, ambayo maofisini imekwisha kuwa halmashauri ya wakurugenzi. Kwa kebo inayoifunga roboti na mashua, twaona neno ugwe lafaa, kwa kuwa ni kamba nyembamba ya kufungia, na tofauti yake na amari, kamba nene ya nanga, inajulikana kwa mabaharia. Walimu wa ufundi na wafasiri wayapime mapendekezo haya mbele ya mafundi wenyewe, kabla hayajaingia katika vitabu.