Kariakoo: Wanyama Walipokufa, Watu Wakabeba

Leo tuache kidogo mbolea na mbegu, tuzungumze historia. Lakini ni historia ya mzigo, na mzigo ni jambo la mkulima kila siku.

Wengi wenu mmefika Kariakoo, Dar es Salaam. Mmeshusha nyanya au vitunguu alfajiri, na mzigo wenu ukachukuliwa na kijana mwenye mkokoteni, jasho linamtoka, anapita katikati ya watu akipiga kelele apishwe njia. Je, mmewahi kujiuliza jina la Kariakoo lilitoka wapi? Halikutokana na soko. Lilitokana na wapagazi wa vita, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wa mji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako liko eneo lenye jina la asili hiyo hiyo.

Sasa swali la mfugaji ni hili: kwa nini mzigo wa jeshi zima ubebwe na binadamu, na dunia ina farasi, baghala, punda na maksai? Jibu ni kwamba wanyama hao walijaribiwa, wakafa.

Habari yenyewe ilianza kabla ya vita. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na punda 27 na farasi wawili. Mmoja wa farasi hao alikuwa wa Kiarabu, zawadi ya Sultani wa Zanzibar. Walikuwa farasi wa kupandwa, waliokwisha kufunzwa. Hawakumaliza hata mwezi mmoja. Huyo wa Kiarabu alipopasuliwa tumbo alikutwa na minyoo mingi. Tena mkuu wa kijiji kile, Kingaru, akadai fidia kwa kuwa mzoga umefukiwa katika ardhi yake bila ruhusa!

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akajaribu njia nyingine. Aliagiza tembo wanne kutoka India, waliozoea kazi, pamoja na walezi wao. Wakashushwa katika ghuba ya Msasani, pale pale Dar es Salaam. Kapteni Carter akawaongoza kwenda Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Tembo wale walikuwa watulivu ajabu. Walivuka mito, walikula majani ya porini, walimsikiliza mlezi. Lakini walibebeshwa mizigo mizito, na chakula chao kilikuwa cha kuokoteza njiani. Desemba 1879 aliyefika Karema alikuwa mmoja tu.

Wajerumani nao, mwanzoni mwa miaka ya 1900, walijaribu punda milia huko karibu na Kilimanjaro. Walifikiri hivi: huyu ni mnyama wa hapa hapa, maradhi ya hapa ameyazoea, basi tumfunze kuvuta gari. Kweli maradhi aliyastahimili, lakini tabia yake iliwashinda. Punda milia hushtuka upesi, huuma na kupiga mateke, wala hakuzaliwa katika ukoo uliofugwa na watu kwa maelfu ya miaka kama punda wetu. Shughuli ile haikuendelea.

Basi yaangalieni mambo hayo matatu pamoja. Farasi alikuwa na mafunzo lakini hakuwa na kinga. Punda milia alikuwa na kinga lakini hakufundishika. Tembo alifundishika, ila alizidishiwa mzigo.

Ikaja vita ya 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yaliingia kutoka kaskazini pamoja na wapanda farasi wengi wa Afrika Kusini. Walikuwa watu hodari wa farasi. Lakini walipita katika mapori ya mbung'o, na mvua zikawakuta njiani. Wakati huo haikuwa siri kwamba mbung'o ndiye analeta nagana. Daktari David Bruce alikuwa ameyagundua hayo huko Zululand miaka ishirini nyuma. Kuna na homa ya farasi inayoenezwa na visubi vya usiku, hasa nyakati za mvua. Jeshi lilijua, likaenda tu. Farasi, baghala na maksai walikufa kwa maelfu. Wengine walipoletwa kujaza nafasi zao, nao wakafa.

Dar es Salaam ilitekwa Septemba 1916. Katika eneo la soko walilokuwa wamelijenga Wajerumani, Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi. Mzigo aliouacha mnyama akatwishwa mtu kichwani, ratili 50 au 60, yaani kilo 23 hadi 27, siku baada ya siku. Wengine walijiandikisha kwa ujira, lakini wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu. Katika vita nzima, upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa walikuwa karibu laki moja au zaidi, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, njaa na unga usioiva vizuri.

Walikuwa wakulima hao, ndugu zangu. Mashamba yao yalibaki bila mikono. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao. Kwa hiyo jina la Kariakoo, tunalolitaja kila siku tukiulizana bei ya nyanya, ndilo kaburi lao wengi.

Haya, sasa tugeukie bomani kwetu. Kosa la wakubwa wale hata sisi tunalirudia, kwa udogo wake.

Mimi mwenyewe nililifanya. Nilipokuwa chuoni nilipewa maksai kijana nimfunze plau. Nilikuwa na haraka, nikatumia fimbo. Siku ya tatu akalala chini na nira shingoni, akakataa kuinuka. Mzee mmoja mchungaji akaniambia, "Mwanangu, umemfundisha jambo moja tu, kukuogopa. Plau hujamfundisha." Mzee akamfungua, akamkuna shingo, akampa jina. Tukaanza upya.

Basi tuyashike haya.

Kwanza, chagua mnyama wa mahali pako. Kwenye mbung'o, mwone bwana mifugo kabla hujanunua, ujue dawa. Punda hustahimili shida kuliko farasi, lakini naye ana minyoo na huugua.

Pili, anza akiwa kijana. Maksai wa miaka miwili na nusu hadi mitatu anafaa. Mzoeze kamba, kisha nira tupu, kisha gogo jepesi, mwisho plau. Fundisha kidogo kidogo kila siku, asubuhi kukiwa na baridi, kwa maneno yale yale na sauti ile ile. Akifanya vizuri mpumzishe hapo hapo, ndivyo anavyoelewa. Mchanganye na mnyama mzee aliyetulia. Mzoeze pia kelele za barabarani kabla hujampeleka barabarani.

Tatu, pima mzigo. Punda wetu wa kilo 150 asibebe mgongoni zaidi ya kilo 40 hivi. Wala usimvike nira ya ng'ombe. Hana nundu, itamchubua. Mvishe mkanda mpana wa kifuani.

Tuna msemo, "Punda afe, mzigo ufike." Nawaombeni tuutazame vizuri msemo huo. Punda jike huchukua mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja. Ukimuua kwa mzigo, humpati mwingine upesi. Na mzigo wenyewe haukai chini kumngojea. Utapanda juu ya kichwa cha mama watoto, na cha binti aliyekuwa aende shule.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 1916, na jina la soko letu ni ushahidi. Safari nyingine ukishusha mzigo Kariakoo, wakumbuke waliobeba. Ukirudi nyumbani, kabla hujala, mpe punda wako maji.

Kwaherini, ndugu wakulima.